Mwaka Tulioziba Nyumba kwa Pamba

Doto alikuja mwenyewe kunipa habari za msiba, Jumanne asubuhi, kwa pikipiki iliyojaa vumbi la njia nzima ya kutoka Kasoli. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akanisalimu kwa Kisukuma kama mama yake alivyomfundisha tangu utoto, “Mwangaluka, mayu,” yaani habari za asubuhi, mama, na kabla sijamaliza kuitikia nilikwisha kujua kilichomleta. Mama yake, Minza, alikuwa amefariki Jumapili jioni baada ya kuugua muda mrefu, na mazishi yalikuwa kesho yake. Nilimpa uji, akanywa kikombe kimoja amesimama, akasema ana watu wengi wa kuwafikia. Alipoondoka nilifunga mlango, kisha nikaufungua tena. Sijaweza kukaa katika chumba kilichofungwa kwa miaka thelathini sasa. Majirani zangu hapa Bariadi hunitania kwamba hata mwezi wa saba, wakati kila mtu amejifunika blanketi mbili, madirisha ya Nesi Perpetua yako wazi kama ya nyumba iliyohamwa. Mimi hucheka nao. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza sababu akangoja jibu, maana jibu lenyewe linaanzia kwa Minza, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimempa Minza mwenyewe.

Mwaka huo, miaka thelathini iliyopita, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, muuguzi mkunga katika zahanati ya misheni iliyokuwa kando ya njia ya Kasoli. Kabla ya uuguzi nilikuwa nimesoma miaka miwili katika chuo cha makatekista, kwa hiyo nilikuwa na vyeti viwili, na majivuno ya vyote viwili. Zahanati ilikuwa imeungana na nyumba kongwe ya mapadri, iliyojengwa zamani na padri mmoja aliyetoka nchi ya theluji. Aliijenga kama watu wa kwao wanavyojenga: katika ukuta wa sebule aliweka meko ya matofali, na juu yake dohani iliyopenya bati ikasimama nje kama mtu aliyepanda paa kutafuta ng’ombe waliopotea. Wazee walisema walimcheka sana, mtu gani anaota moto sebuleni huku kwetu. Alifia katika nyumba hiyo, kabla ya wakati wangu, na watu hawakumcheka tena. Sista Damiana, aliyekuwa mkuu wa zahanati, ndiye aliyeigeuza sebule hiyo kuwa chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Mtu asiyeujua mwezi wa sita na wa saba kwetu anaweza kudhani hakuna baridi. Upepo unapita mbugani bila kizuizi, maana nchi yetu ina miti michache, na kuelekea alfajiri mtoto wa kilo moja na nusu, asiye na mafuta mwilini, anapoa kama uji kwenye sahani. Meko ya padri yaliwaokoa wengi. Tulichoma mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng’ombe, na moshi wote ulipanda dohani ukaenda zake.

Nyumba yenyewe ilikuwa mbovu. Haikuwa na dari. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga, ambao masika huvimba na kiangazi hupasuka, na nyumba iliyosimama juu yake hupasuka pamoja nao; ukutani palikuwa na nyufa ambazo mijusi walizitumia kama barabara. Mama aliyelala humo mchana aliweza kuona vitone vya jua kwenye blanketi lake, kila kimoja na tundu lake la msumari juu. Masika ya mwaka huo mvua zilikuwa nyingi, msingi ukahama, na siku moja baada ya misa ya asubuhi tukasikia kishindo. Dohani ilikuwa imeanguka yote, upande wa nje, ikaua kuku mmoja. Meko nayo yalipasuka katikati. Sista Damiana alisali sala ya shukrani kwa kuwa hakukuwa na mtu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba tuna wiki tano hadi sita kabla ya baridi.

Kikao cha kuamua tuweke kitu gani mahali pa meko kilifanyika katika chumba cha kulia cha masista. Nakumbuka sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, chai ya maziwa, na kitambaa cha meza kilichofumwa maua mekundu. Tulikuwa watano. Alikuwepo Sista. Alikuwepo fundi mwashi Masanja, mtu mpole aliyeongea akiangalia viganja vyake. Alikuwepo Ndaki, mwenye duka jipya mjini, mmoja wa wale waliochomoza baada ya biashara kufunguliwa. Miaka michache tu kabla ya hapo tulikuwa tukipanga foleni kupata kipande cha sabuni, na sasa Ndaki alikuwa na sabuni za rangi nne, redio, na vitu ambavyo hatukuwa na majina yake. Alikuwepo Mayu Nkamba, mhudumu wetu mzee, aliyekuwa amezalisha nusu ya watu wa vijiji vile kabla zahanati haijakuwepo, na ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Na nilikuwepo mimi.

Masanja alisema dohani inaweza kujengwa upya, lakini lazima tuanze na msingi, mawe yatoke milimani, tungoje ardhi ikauke ili tuone inatulia wapi. Miezi minne, akasema, akiharakisha mitatu, na akiharakisha itaanguka tena. Ndaki alikuja na hita ya mafuta ya taa, akaiwasha palepale mezani. Ilitoa joto zuri na harufu mbaya, na Mayu Nkamba akasema mtoto atakayelala nayo atanuka kama koroboi mpaka siku ya harusi yake. Ndaki hakukata tamaa. Akasema basi tungoje kidogo tununue hita ya umeme, maana umeme unakuja huku kwetu.

“Nguzo zimeshalazwa barabarani, Sista, nimeziona kwa macho yangu.”

“Zimelala, Ndaki,” Sista akamjibu. “Siku zikisimama, njoo.”

Tulicheka wote, hata Ndaki. Mayu Nkamba alipoulizwa, hakuwa na kitu cha kununua wala cha kujenga. Alijipiga kifuani kwa kiganja. Mtoto akae hapa, akasema, ngozi kwa ngozi, nguo juu. Mama akichoka, bibi yake. Bibi akichoka, yeye mwenyewe. Nilimjibu kwa adabu, lakini nadhani adabu yenyewe ilimuumiza kuliko ukali. Nilisema kina mama wanaokuja kujifungua wanafika wamechoka na wana upungufu wa damu, wengine wanapoteza fahamu, na kwamba joto la mtu halipimiki. Mimi nilikuwa na kipimajoto cha ukutani nilichopewa nilipohitimu, na nilijua chumba kinatakiwa kisome ngapi. Nikasema tutengeneze jiko kubwa la mkaa. Fundi wa mabati pale sokoni angelikata kutoka kwenye pipa ndani ya siku mbili, mkaa unapatikana, hauna harufu kama mafuta ya taa. Nikaongeza neno ambalo nimelisikia kichwani mwangu mara nyingi tangu siku hiyo. Nilisema mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hatuhitaji dohani. Sista alinitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Niliongea vizuri siku hiyo. Nilikuwa nimefundishwa kuongea mbele ya watu.

Jiko lilifika na miguu yake mitatu, likapakwa rangi ya fedha, zuri kabisa. Mwezi wa sita ulipoanza tuliliwasha nje, mkaa ukakolea, tukaliingiza ndani kwa vyuma viwili. Lakini kipimajoto hakikupanda. Joto lote lilitoka kwenye ile nafasi chini ya bati, na kwenye nyufa, na kila alfajiri nilikuta chumba kimepoa na watoto wamepoa nacho. Wawili tuliwapoteza katika wiki mbili, na siwezi kusema ni baridi peke yake, lakini mimi niliilaumu baridi. Nilikuwa nikiingia na kutoka nikitazama zebaki ile kama mtu anayetazama mbingu akitafuta wingu. Ndipo nikapata wazo, na nilipolipata nilipiga magoti nikashukuru, kwa maana niliamini limetoka kwa Mungu.

Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Zamani kulikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha msingi, na mtu alipeleka pamba yake akangoja. Sasa magari ya watu binafsi yalipita vijijini na mizani zao, leo huyu anasema hivi, kesho yule anasema vile, na wakulima wengi, kwa woga au kwa tamaa, waliamua kushikilia pamba yao ndani mpaka waone bei itaelekea wapi. Kila nyumba uliyoingia ilikuwa imejaa pamba hadi kitandani. Watoto walilala juu yake, kuku walitaga ndani yake. Hata ukumbi wa misheni ulikuwa umegeuzwa ghala, na tulifundishia katekisimu uani. Nikamwomba padri wetu atangaze kanisani, akaniruhusu nitangaze mwenyewe. Nilisimama Jumapili nikawaambia waumini kwamba watoto njiti wanakufa kwa baridi katika nyumba yenye matundu, na kwamba Mungu ametuwekea kizibo majumbani mwetu. Jumapili iliyofuata, wakati wa matoleo, walikuja wakicheza kwa safu na ngoma, kama tunavyoleta mazao ya kwanza, kila mtu na pamba yake: ungo, beseni, mfuko ulioshonwa kwa shumizi, kikapu, mzee mmoja kipofu na konzi moja tu aliyoishikilia kwa mikono miwili. Mbele ya altare ilisimama pamba iliyofika kiunoni. Wengi walikuwa wakilia. Na mimi nililia. Katika maisha yangu yote sijaona sadaka iliyotolewa kwa moyo mweupe zaidi ya hiyo.

Tulifanya kazi siku tatu. Wanaume walipanda ngazi wakashindilia pamba kati ya ukuta na bati kwa vijiti, wanawake tukaziba nyufa, halafu Masanja akakandika juu yake udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng’ombe. Mdomo wa meko tuliujaza pamba, tukaufunga kwa matofali. Madirisha mawili tukayapigilia magunia. Ilibaki nafasi chini ya mlango tu, kwa sababu mlango lazima ufunguke. Mayu Nkamba alitupikia ugali na mlenda siku zote tatu, hakushika pamba hata mara moja. Siku ya mwisho aliingia akasimama katikati ya chumba akageuka pole pole kama anayetafuta kitu alichoangusha.

“Nesi,” akasema, “nyumba hii mmeiziba pua.”

Nikamwambia, “Mayu, nyumba haina pua.”

“Basi moto unayo.”

Watu walicheka, kwa kuwa alisema kwa namna yake ya kuchekesha, nami nikacheka. Asubuhi yake kipimajoto kilisoma kile nilichokitaka. Niliita watu waje waone.

Baada ya hapo kina mama waliolala humo walianza kulalamika. Mmoja alisema anaamka na kichwa kinachogonga. Mwingine alitapika. Wa tatu alisema kila akilala humo anaota amebebwa juu ya maji. Kisha maneno yakatoka chumbani yakaingia jikoni, yakatoka jikoni yakafika kisimani: ni padri wa zamani, amekasirika wamemzibia meko yake, anapita akiwaminya watu vichwa. Leo nikiyakumbuka maneno hayo naona kwamba kwa namna yao walikuwa wameshika jambo lenyewe. Meko yalizibwa, na vichwa viliminywa. Lakini mimi nilisikia ushirikina tu. Nilikuwa nimefundishwa kupambana nao, na nilipambana. Niliwakusanya wale kina mama, nikawafundisha nusu saa nzima juu ya roho za marehemu na mikono ya Mungu, nikaleta maji ya baraka, nikanyunyizia pembe nne za chumba. Yule aliyelalamika kichwa nilimpa vidonge viwili. Nilipotoka nilivuta mlango nikahakikisha umeshika vizuri.

Minza aliletwa katikati ya mwezi wa saba, kwa mkokoteni wa ng’ombe, yeye na mama mkwe wake. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa au ishirini, mimba ya kwanza, miezi saba, na ilikuwa mapacha. Alijifungua haraka, bila kelele, akiwa ameshika mkono wa Mayu Nkamba. Wa kwanza, ambaye kwetu huitwa Kulwa, alikuwa mdogo lakini mwenye nguvu, alilia, na siku ya pili alikwisha kujua kunyonya. Wa pili, Doto, alikuwa kama kifaranga kilichonyeshewa. Midomo yake ilikuwa ya buluu, alisahau kupumua mpaka umguse nyayo, na maziwa tuliyomdondoshea yalitoka pembeni mwa mdomo. Niliwabatiza wote wawili saa ileile, kama muuguzi anavyoruhusiwa wakati wa hatari. Kwa Kulwa niliona ni tahadhari. Kwa Doto niliona ni kuaga.

Siku ya tatu, jua likiwa linazama, nilikuwa nimeingiza jiko na kulipangia mkaa wa usiku wakati Mayu Nkamba alipokuja, kitenge chake kimefunguliwa begani. Aliomba apewe watoto wote wawili akalale nao chumbani kwake, nyuma ya jiko la kupikia, chumba cha udongo chenye mlango wa mabua. Mama yao apumzike, akasema. Hakutaja moto wala pua. Labda alikuwa amechoka kuchekwa. Nilimwambia haiwezekani, kwamba chumba chake hakina kipimo, kwamba watoto hawa wako katika dhamana yangu. Tulisimama hivyo, na jiko kati yetu. Minza alikuwa kitandani, ananitazama mimi, si yeye, kama watu wanavyomtazama mtu aliyesoma. Mwishowe nilitaka tu mzee yule aondoke kwa amani. Nikamtazama Kulwa, nikamtazama Doto.

“Basi mchukue huyo mdogo,” nikasema. “Huyu mwenye nguvu namwacha kwenye joto.”

Mayu Nkamba alimfunga Doto kifuani, akamfunika, akatoka. Mama mkwe alikuwa amekwenda kulala kwa ndugu zake kijijini. Nilimfunika Minza, nikamweka Kulwa ubavuni mwake upande wa jiko, nikafanya ishara ya msalaba juu yao, nikafunga mlango.

Asubuhi tulisali masifu na masista kama kawaida, kisha nikaenda. Mlango ulikuwa mzito. Nilisukuma nikaona mkono wa Minza sakafuni. Alikuwa ameanguka akielekea kutoka, uso wake umelala palepale penye nafasi ya chini ya mlango, nafasi pekee ambayo hatukuiziba. Nilimvuta hadi uani nikipiga kelele za kuita watu. Alikuwa anapumua. Alitapika, akafumbua macho, akaita jina la mama yake. Nikarudi ndani. Kulikuwa na joto zuri sana. Kipimajoto kilikuwa mahali nilipokitaka siku zote. Mkaa ulikuwa bado mwekundu chini ya majivu, na Kulwa alikuwa amelala pale nilipomlaza, mashavu yake mekundu, ana rangi nzuri kuliko siku zote tatu za maisha yake. Kwa nukta chache nilifikiri amelala tu, nikafurahi.

Sista aliandika katika kitabu kwamba mtoto alishindwa kupumua. Haukuwa uongo. Wiki iliyofuata alipita daktari wa ziara, mtu wa maneno machache, tukamsimulia. Aliuliza mambo matatu: moto ulikuwa wa nini, moshi ulitokea wapi, madirisha yalikuwaje. Kisha akaingia ndani, akapandisha macho kwenye pamba, akatoka. Alitueleza nje, taratibu, kwamba mkaa uliokolea hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, inayolaza watu wasiamke, na kwamba ubovu wa nyumba ile ndio uliokuwa ukiwalinda waliolala humo. Sista Damiana alishika msalaba wake. Alinisubiri nilie, na nilipokosa kulia akaniambia nikapumzike. Sikwenda. Nilipanda ngazi nikaanza kuitoa pamba kwa mikono, na kijiti, siku nzima. Ilikuwa imegeuka ya kijivu. Nilijua huu ulikuwa ungo wa nani, hili lilikuwa beseni la nani. Konzi ya yule mzee kipofu sikuweza kuitenganisha na nyingine. Masanja alikuja akashika ngazi chini, na nilipomaliza alikwenda nyumbani bila kuaga. Msimu mzima uliobaki watoto njiti walilala vifuani mwa watu, kama Mayu Nkamba alivyosema, na mwaka uliofuata Masanja alijenga dohani ambayo nasikia imesimama hadi leo.

Kuhusu Minza, nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia, maana alikaa nasi mpaka Doto alipojua kunyonya. Mama mkwe wake alikwisha kupata jibu lake: padri wa zamani alitaka mmoja, kamchukua. Alilisema mbele yangu, akichambua mboga uani. Mimi, niliyefundisha nusu saa nzima na maji ya baraka mkononi, nilisikia maneno hayo nikanyamaza. Nikajificha nyuma ya roho ambayo nilikuwa nimewaambia watu haipo. Nimetenda dhambi nyingine maishani, lakini hiyo ndiyo ninayoijua kwa sura. Niliungama. Padri aliniambia Mungu amekwisha kusamehe, lakini yule mama naye ana haki ya kusikia. Mwaka uliofuata nilikwenda Kasoli kwa miguu kwa ajili hiyo. Nilimkuta Minza shambani anachuma pamba, tumbo limeanza kuonekana, Doto mgongoni mwake mnene kama gunia. Alinikimbilia. Alinipikia, akaninong’oneza kwamba anayekuja ataitwa Shija, kama ilivyo desturi kwa anayefuata mapacha, na akasema kila siku anamwombea nesi aliyempa mtoto mmoja. Nilikula michembe yake nikarudi nyumbani na maneno yangu yote. Tangu hapo kila mavuno alinitumia kitu. Nilikipokea. Nilijiambia mwakani.

Mazishi yalikuwa Jumatano, watu wengi, kwaya mbili. Tulipomaliza kula nikamwomba Doto anisindikize barabarani. Yeye ni mwanamume mzima sasa, ana watoto wanne, ana mvi moja moja ndevuni. Nilimwambia tukiwa tumesimama kando ya shamba, nikaanza na dohani nikamaliza na mlango, sikuruka kitu, hata neno langu kuhusu mkaa, hata kile nilichomjibu Mayu Nkamba. Alisikiliza akiangalia chini. Pikipiki mbili zilipita, akangoja vumbi litulie.

“Nani alichagua?” akauliza.

“Mimi.”

“Kwa nini alinichukua mimi?”

“Kwa sababu nilidhani hutaishi, mwanangu.”

Nilikuwa tayari kwa lolote, nilikuwa nimejiandaa kwa miaka thelathini, lakini sikuwa nimejiandaa kwa alichosema. Alisema mama yake hakuwahi kumweleza kitu kuhusu mwenzake. Akiulizwa alikuwa anainuka kwenda kutafuta kazi ya kufanya. Bibi amekufa, Mayu Nkamba amekufa, Sista amekufa, na leo amemzika mama. “Umebaki wewe tu uliyemwona,” akasema. “Alikuwaje?”

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba alikuwa na nywele laini hadi kwenye masikio. Kwamba alikunja uso kabla ya kulia, kama mtu anayekumbuka jambo, na kwamba ukimpa kidole alikishika asikuachie. Kwamba alinyonya kwa kelele, mama yao akacheka. Nilimwambia alizikwa wapi, nyuma ya kanisa, mkono wa kushoto wa mnara, na tukakubaliana kwenda pamoja Jumapili. Nikadhani nimemaliza, lakini alikuwa bado ananitazama, anangoja. Kwa hiyo nikamwambia na lile la mwisho, ambalo hata kwenye maungamo sikulisema: kwamba nilipomnyanyua, mwili wake ulikuwa na joto lilelile nililokuwa nikilitafuta tangu mwezi wa sita.